Mpishi naye akae meza kuu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwapongeze watu ambao majina yao hayasomwi shule zinapofungwa Desemba.

Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, madarasa yamefurika, na walimu wetu wameubeba mzigo huo. Wanastahili makofi. Lakini nani anamtaja mpishi anayewasha kuni kabla ya kengele ya kwanza ili uji uwe tayari saa nne? Nani anamkumbuka mlinzi anayekesha getini na baridi, au mama anayefagia ofisi? Mtoto mwenye njaa hashiki hesabu, hilo kila mzazi analijua.

Wanafunzi nao tusiwapime kwa matokeo ya mitihani ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) peke yake. Yupo anayekuja kwa miguu kutoka mbali, mvua na jua, na hajakosa hata siku moja. Huyo naye aitwe mbele, apigiwe vigelegele.

Nawaomba walimu wakuu na kamati za shule: siku ya kufunga, mpishi akae meza kuu, avishwe shada kama mgeni rasmi.

Mzazi,
Morogoro