Kwa nini darasa letu la marubani wa droni linaanza na ramani yenye matobo

Ukutani mwa darasa letu tumetundika ramani iliyoharibika. Ni ya shamba lililoko kwenye mteremko, imeunganishwa kutokana na mamia ya picha zilizopigwa na droni. Upande wa bondeni inapendeza, unaona hadi matuta na vivuli vya miti. Kadiri jicho linavyopanda mlimani ndivyo inavyoharibika: mistari inapinda, paa la ghala limekatika vipande viwili, na karibu na kilele kuna matobo meupe yasiyo na picha kabisa. Aliyeitengeneza ni mhitimu wetu wa kundi la kwanza. Katika kundi lile hakuna aliyemshinda kwa kurusha, na cheti chetu alikuwa nacho mkononi.

Alikwenda kuikabidhi kwa mpima ardhi mmoja, mtu mzima wa miaka mingi kazini. Mzee aliitazama kimya, kisha akamwambia kwa upole, "Mwanangu, umerusha vizuri, lakini hapa sina cha kupima." Malipo hayakutoka. Kijana aliponiletea ile ramani niliona aibu, kwa sababu kosa halikuwa lake. Lilikuwa letu sisi tuliomfundisha.

Nieleze kilichotokea, kwa kuwa mtu anayetaka kulipia mafunzo ya droni, popote pale, anahitaji kulielewa jambo hili kabla hajatoa pesa yake. Droni nyingi huhesabu kimo kuanzia pale ziliporukia. Ukiiagiza ikae mita 100, itakaa mita 100 juu ya mahali uliposimama wewe, hata kama ardhi iliyo mbele yake inapanda. Kijana alirushia bondeni akiwa ameiagiza hizo mita 100, na kilele kiko mita 50 hivi juu ya bonde. Droni ilipofika kule ilikuwa imebakiza mita 50 tu kutoka ardhini, na kamera ikishuka hadi nusu ya kimo huona nusu ya upana. Alikuwa amepanga kila picha ipandane na iliyotangulia kwa asilimia 70, na mstari upandane na mstari wa jirani kwa asilimia 60. Kwa ardhi tambarare huo ni mpango mzuri. Kule kileleni, asilimia 70 ilishuka ikawa 40, na ile 60 ikawa 20. Programu inayounganisha picha hutafuta alama zilezile katika picha kadhaa. Ikizikosa, inakisia au inaacha tobo.

Dawa yake ni ndogo. Unaweza kuiwekea droni ramani ya miinuko ili ifuate umbo la ardhi, au ukaligawa shamba mafungu mawili na kurushia fungu la juu ukiwa juu. Ni kazi ya dakika chache ukiwa mezani, kabla hujaondoka. Sisi hatukuwa tumemfundisha hilo, kwa sababu siku zetu nyingi tulizitumia uwanjani tukizungusha droni namba nane.

Na hapa niseme wazi jambo ambalo shule nyingi hazipendi kulisema mbele ya wateja: kuirusha droni ya leo si kugumu. Ukiondoa vidole kwenye rimoti, inasimama palepale angani, inajishikilia kwa setilaiti na kamera zake za chini. Mtu makini ataimudu ndani ya siku chache. Shule inayouza sehemu hii peke yake hupata wanafunzi haraka, maana picha za uwanjani zinavutia na kila mtu anafurahi. Miezi mitatu baadaye wahitimu wako nyumbani, droni iko kabatini, na soko ambalo kila mtu anasema linakua limewapita.

Soko kweli linakua, lakini halikui pote kwa pamoja. Katika eneo lolote ambalo droni zinaanza kuzoeleka, kazi za kwanza huwa ni video za harusi na matangazo, na nafasi hizo hujaa upesi. Baada ya hapo wanaotafuta huduma ni watu wenye jambo la kupima au kukagua: wapima ardhi, wakandarasi, wakulima wakubwa, wenye minara ya simu, wenye mitambo ya sola. Hata pale ambapo droni zimekuwa huduma ya kila siku, ajira haziko kwenye rimoti kama watu wanavyodhani. Zipline ilianza kupeleka damu hospitalini nchini Rwanda mwaka 2016, na ndege zake zinafuata njia iliyopangwa kabla, zinadondosha mzigo kwa mwavuli na kurudi zenyewe. Wanaofanya kazi pale hukagua ndege, huandaa mizigo, husimamia safari na kuwasiliana na waongozaji wa anga. Kijana aliyejifunza kuzungusha vijiti vya rimoti pekee hana mahali pa kuingilia.

Kwa hiyo sasa mtu akinipigia simu kuuliza kozi ni ya siku ngapi, namuuliza kwanza: ukimaliza unataka kumuuzia nani, na utamuuzia nini? Wengine hukaa kimya, na si vibaya, tunaanzia hapohapo. Mkandarasi anataka kujua lundo la kokoto lina mita za ujazo ngapi, na anataka jibu la mwezi huu lilingane na lile la mwezi uliopita. Mwenye paneli za sola anataka kujua ni paneli zipi zinachemka kuliko wenzake, na kwa kazi hiyo kamera ya joto peke yake haitoshi. Jua lazima liwe kali, angalau wati 600 kwa kila mita ya mraba ya paneli, la sivyo hitilafu hazijitokezi na ripoti itasema kila kitu ni kizima wakati sicho. Mwenye mnara anataka picha ya boliti moja iliyopata kutu, na chuma cha mnara huohuo kinaweza kuivuruga dira ya droni yako. Ni kazi tatu za watu watatu tofauti. Kila mwanafunzi wetu huchagua moja, na mtihani wake wa mwisho ni kumkabidhi kazi mtu wa fani hiyo, ambaye ana ruhusa kamili ya kuikataa.

Wateja wetu wengi, hasa kampuni zinazotuma wafanyakazi, huuliza kwa nini darasa letu ni la watu wanne kwa mkufunzi mmoja, na kwa nini kwa hiyo ada yetu iko juu. Naomba mniruhusu nipige hesabu hadharani. Betri moja, ukiacha akiba ya kurudishia droni, inakupa kama dakika 18 za mafunzo. Tukiwa na betri sita kwa droni moja, hizo ni dakika 108 kwa siku. Gawanya kwa wanafunzi wanne: kila mmoja anapata dakika 27 na rimoti mkononi. Gawanya kwa wanafunzi 12: ni dakika tisa. Atakayelipia kozi ya siku tano katika darasa la watu 12 atakuwa amerusha kwa dakika 45 zote jumla, na huyo ndiye atakayepelekwa juu ya paa la kiwanda chako. Unapolinganisha shule, uliza wana betri ngapi, droni ngapi na wanafunzi wangapi, kisha piga hesabu hiyohiyo.

Hiyo akiba ya betri niliyoitaja tunaishikilia sana. Wanafunzi wetu wanarudisha droni betri ikiwa na asilimia 30, na kila kundi huwa na mtu anayeona tunapoteza nguvu bure. Tunampa kalamu. Tuseme droni yake ina mwendo wa mita 15 kwa sekunde, na upepo unavuma mita 8 kwa sekunde. Akienda na upepo, anapita ardhi kwa mita 23 kwa sekunde, na nusu kilomita anaimaliza kwa sekunde 22. Akirudi dhidi ya upepo anabakiwa na mita 7 kwa sekunde, na nusu kilomita ileile inamchukua zaidi ya sekunde 70. Mwanafunzi akishaandika hesabu hii kwa mkono wake mwenyewe, habishani tena.

Betri zenyewe zina somo lake, asubuhi nzima. Seli moja ya kawaida ikijaa huwa volti 4.2. Ya kuhifadhiwa kabatini tunaiacha kwenye volti 3.8 hivi, haijajaa wala haijaisha. Tunawapitishia mkononi betri iliyokwisha nguvu na kutolewa kazini, waisikie kwa vidole jinsi ubavu wake ulivyotuna, kwa sababu uvimbe huo huanza kidogo sana na jicho pekee linaweza kuukosa. Betri ikishavimba hairuki tena. Vivyo hivyo kwa mapangaboi: unapitisha ukucha ukingoni, na ukihisi mkwaruzo unalibadilisha.

Kuhusu leseni nataka nieleweke vizuri. Cheti chetu si leseni. Kinasema kwamba umefundishwa na ukafaulu kwetu. Ruhusa ya kurusha kibiashara hutolewa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi unayofanyia kazi, na kila nchi ina utaratibu wake. Aliwahi kuja kwetu baba mmoja, mtu mzima mwenye familia, aliyeuza vitu vyake akasoma mahali pengine akiambiwa kwamba cheti atakachopewa kitamruhusu kufanya kazi nchi yoyote. Alikuja nacho kwenye bahasha, hajakikunja hata pembe. Kumweleza ukweli ilikuwa kazi ngumu kuliko yoyote niliyofanya mwaka ule.

Mambo yenyewe yako hivi. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, katika ibara ya 8, unakataza ndege isiyo na rubani kuruka juu ya nchi nyingine bila ruhusa maalumu ya nchi hiyo, na msingi huo unatumika mpaka leo. Kanuni nyingi zinafanana, na ndiyo maana tunazifundisha kwa pamoja: kikomo cha mita 120 kutoka ardhini ni cha kawaida katika nchi nyingi, sharti la kuiona droni kwa macho yako ni la kawaida, na uzito wa gramu 250 mara nyingi ndio mpaka ambapo masharti yanaanza kukaza. Lakini kufanana si kutambuana. Katika Umoja wa Ulaya, cheti cha rubani kilichotolewa na nchi mwanachama moja kinatambuliwa na nyingine zote, chini ya kanuni zilizoanza kutumika tarehe 31 Desemba 2020. Nje ya mpango wa aina hiyo, ukivuka mpaka unaanza maombi upya. Anayetaka kufanya kazi katika nchi zaidi ya moja tunaketi naye na kusoma masharti ya kila nchi kabla hajalipa ada, kwa sababu pengine nchi anayoilenga inataka mafunzo ambayo sisi hatuna kibali cha kuyatoa. Ikiwa ni hivyo tunamwambia aende kwingine.

Kundi lijalo lina nafasi nne kama kawaida. Siku ya kwanza hatutarusha chochote hadi mchana. Asubuhi utakaa mbele ya ile ramani ukutani na kalamu, ueleze wapi mpango uliharibika na wewe ungepangaje. Njoo na viatu vya kufunika vidole, kofia, na kompyuta yako kama unayo. Na ikiwa wewe au mtu unayemfahamu ana shamba lenye mteremko mkali ambalo angependa lipigwe ramani bila malipo, tuandikie. Uwanja wetu wa mazoezi ni tambarare, na tunahitaji kilima.