Hosteli kama ya Kenting sisi inatushinda nini?

Mhariri, salamu nyingi kutoka Taiwan niliko masomoni. Nasikia huko nyumbani, pwani ya Kenya, bado watu wanabishana mahoteli ya ufukweni yajengwe kwa mtindo gani, na mimi niseme langu, maana huku nimeona kitu nikashikwa na wivu wa wazi kabisa.

Kusini mwa hiki kisiwa kuna Kenting, hifadhi ya taifa ya pwani, na pale karibu na jabali wanaloliita Jiwe la Chura kuna malazi ya jumuiya moja ya vijana. Ukiambiwa hosteli ya vijana unawaza ghorofa na vitanda vya dabodeka. Wapi! Ni kijiji kizima cha nyumba za Kichina za kizamani, zile za watu wa Fujian, mkoa wa China ng'ambo ya bahari, matofali mekundu, vigae vyekundu, kila nyumba imezunguka ua wake, unatoka mlango huu unashika kichochoro unatokea kwenye ua mwingine, usiku mgeni lazima aulize njia. Na wala si majengo ya kale, yamejengwa miaka ya 1980, msanifu wake ni Han Pao-teh, ambaye kabla ya hapo alishakarabati hekalu la Confucius, yule mwanafalsafa wa Kichina, kule mji wa Changhua hapa hapa Taiwan, kwa hiyo hizi nyumba alizijua msingi hadi paa.

Na hilo paa sasa! Ncha zake zimepinda juu zikagawanyika mbili kama mkia wa mbayuwayu. Zamani mkia huo hauwekwi ovyo, ulikuwa wa mahekalu na nyumba za wenye vyeo serikalini, leo chini yake analala mwanafunzi na begi lake.

Mimi nilienda wakati wa ule upepo unaoporomoka kutoka milimani, unaanza kama Oktoba hivi na hauna adabu, ukitoka nje mchanga unakuchapa usoni na kofia usahau, lakini ukiingia uani kumetulia, taulo nililoanika halitikisiki. Hapo ndo nikaelewa kwamba ule ua haukuwekwa kwa ajili ya picha tu.

Haya, njoo kwetu. Nyumba ya Lamu ina daka, yaani kibaraza cha mlangoni, ina ua ndani, ina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, mji wenyewe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, lakini mtu akijenga hoteli "ya Kiswahili" anaweka makuti mbele na mlango wa nakshi pale mapokezi, nyuma yake maboksi ya zege na AC inanguruma kutwa. Na zile nyumba halisi za Lamu zilizogeuzwa gesti, nyingi wamenunua wageni, bei zake mtoto wa shule kule Kisauni, Mombasa, atazisikia tu.

Ombi langu ni kwa kaunti zetu za pwani: mkijenga hosteli ya safari za shule, mchoro uanze na daka na ua. Mafundi wa chokaa na wa nakshi Lamu wapo, wapeni kazi.

Mwana wa Mombasa, Taiwan