Barua ya wazi kwa mastraika mlioambiwa mrudi kucheza beki

Hamjambo, wanangu.

Nawaandikia ninyi mliozoea namba tisa, na msimu huu mwalimu kawaita pembeni akawaambia mtacheza beki wa kati. Wengi wenu mmelichukulia kama kushushwa cheo, na wapo walioanza kuulizia timu nyingine. Kabla hamjafunga virago, tumtazame kwa makini mtu aliyepita njia hiyo: Kenny Burns wa Uskoti.

Burns alizaliwa Glasgow mwaka 1953, akaanzia kazi Birmingham City. Mwanzoni alikuwa beki. Mwaka 1974 klabu ilipomuuza Bob Latchford kwa Everton, pengo likabaki mbele na Burns akasogezwa kulijaza, akawa anafunga sambamba na Trevor Francis. Julai 1977 kocha Brian Clough akamnunua kwa pauni 150,000 kuja Nottingham Forest, timu iliyokuwa imepanda daraja msimu huohuo. Watu walidhani kaletwa kufunga. Clough akamrudisha nyuma, akampanga na Larry Lloyd, pandikizi la mtu kwa mipira ya juu, huku kulia yupo Viv Anderson na golini akaja kusimama Peter Shilton. Msimu ulipokwisha Forest walikuwa mabingwa wa England. Walifungwa mabao 24 tu katika mechi 42 za ligi, na waandishi wa habari za mpira wakamchagua Burns Mchezaji Bora wa Mwaka 1978. Baadaye akabeba Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mara mbili, 1979 dhidi ya Malmö na 1980 dhidi ya Hamburg, fainali zote mbili 1-0.

Msidanganyike na kasi ya habari hiyo. Burns alikuwa na msingi wa ubeki tangu ujana; aliporudi nyuma alirudi nyumbani. Wewe ambaye hujawahi kukaba mtu utachukua muda zaidi, na mfano wako wa karibu ni Mskoti mwingine, Christian Dailly. Huyu alikuwa mtu wa mbele Dundee United. Katika fainali ya Kombe la Uskoti ya 1994 ndiye aliyemsumbua kipa wa Rangers, akapiga mpira uliogonga nguzo ya goli na Craig Brewster akaumalizia, bao pekee la mechi. Mwaka 1996 akaenda Derby County, na huko akajengeka kuwa beki. Mwaka 1998 alicheza mechi zote tatu za Uskoti kwenye Kombe la Dunia, na alimaliza na mechi 67 za timu ya taifa.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Straika anayerudi nyuma anakuja na mali ambayo beki wa kuzaliwa hana: anajua nini kinamkera straika. Unakumbuka ulivyokuwa ukichukia beki anayekufikia mpira ukiwa bado njiani, hujaugusa? Basi fanya hivyo. Ondoka pale pasi inapotoka mguuni mwa mpigaji, siyo inapofika. Ukifika pamoja na mpira, unaukata au unamlazimisha acheze nyuma. Ukifika baada yake, amekwisha kugeuka, na hapo simama. Usimrukie. Mpunguzie kasi, msukume kuelekea pembeni, subiri wenzako warudi. Makosa mengi ya straika aliyegeuzwa beki yanazaliwa hapo, kwa sababu miguu yake imezoea kukimbilia mpira popote ulipo. Straika akibahatisha mara tisa akapatia ya kumi, anabebwa juu juu. Kwa beki, ile moja aliyokosea ndiyo bao.

Umbali nao una hesabu yake. Mpira ukiwa mbali, upande wa pili wa uwanja, kaa hatua mbili tatu kutoka kwa mtu wako, upande wa goli lako. Mpira unaposogea, na wewe sogea, mpaka uwe urefu wa mkono. Simama nusu upande, mguu mmoja mbele, umwone yeye na mpira bila kugeuza shingo nzima. Ukisimama umemkabili kifua kwa kifua, pasi ya nyuma yako itakumaliza, kwani utahitaji kugeuka kabla ya kukimbia na yeye ameshaondoka.

Kichwa chako pia lazima kijifunze upya. Miaka yote umefundishwa kugonga nusu ya juu ya mpira ili ushuke chini kwenye kona ya goli. Beki anagonga nusu ya chini, mpira upae, uende mbali, uende pembeni. Ukikosa kimojawapo kati ya hivyo, usikose pembeni. Kichwa dhaifu kinachoangukia kwenye nusu duara la mbele ya boksi ni zawadi kwa kiungo wao anayekuja mbio.

Na kuhusu mtu anayekuja kutoka nyuma, Burns alionja uchungu wake. Kombe la Dunia 1978, Argentina, Uskoti walitangulia kuwafunga Peru kwa bao la Joe Jordan, mwishowe wakalala 3-1. Mabao mawili ya mwisho yalikuwa ya kiungo wao, Teófilo Cubillas, moja shuti la mbali na jingine mpira wa adhabu karibu na boksi. Siku ile Gordon McQueen, beki wa kati wa kutegemewa, alikuwa majeruhi. Mchezaji Bora wa Mwaka wa England alikuwa uwanjani, na bado safu ikavuja. Ubeki ni kazi ya watu wanne na kipa. Usikubali kupimwa peke yako, wala usijipime peke yako.

Ndiyo maana nasisitiza sauti. Fainali ya Kombe la Ligi, Machi 1980, Forest na Wolves: mpira mrefu unaingia kwenye boksi la Forest, haukuwa na hatari yoyote. David Needham, aliyecheza nafasi ya Lloyd, akaufuata, na Shilton naye akatoka kuufuata. Wakagongana. Andy Gray akausukuma kwenye goli tupu, Wolves wakachukua kombe 1-0. Shilton alikuwa kipa wa kiwango cha dunia na Needham beki mzoefu. Kilichokosekana ni neno moja kwa wakati. Kipa akisema "wangu", ondoka hata kama unaufikia. Akinyamaza, ni wako, na wewe ndiye useme. Kubalianeni maneno hayo mazoezini, matatu au manne tu, mafupi. Straika anaweza kucheza dakika tisini kimya. Beki kimya ni hasara.

Clough alikuwa mkali kwa jambo moja zaidi: pasi ya kukatiza mbele ya goli lako mwenyewe. Burns ameeleza jinsi alivyopigwa faini kwa pasi ya namna hiyo. Wewe uliyetoka mbele utaipenda pasi hiyo, maana umezoea kugusa mpira kwa ufundi na macho yako yanaona mwenzako yuko huru. Tatizo lake ni kwamba ikikatwa, ninyi wawili, mpigaji na mpokeaji, mnakuwa mmeshapitwa kwa mguso mmoja.

Hapa ni lazima niseme kwamba sheria zimebadilika tangu enzi zake. Wakati ule ukibanwa ulimrudishia kipa akaudaka. Tangu 1992 pasi ya makusudi ya mguu haidakwi. Wakati ule mshambuliaji aliyelingana na beki alihesabiwa ameotea. Tangu 1990 aliyelingana yuko salama. Kumkata mtu miguu kwa nyuma kulivumiliwa sana, leo kunaweza kukupa kadi. Kwa hiyo msiige vile Burns alivyokuwa akiwapiga watu miguu. Igeni jinsi alivyosoma mchezo na alivyotulia na mpira.

Kuhusu kupanda na kushuka kwa safu, shikeni kanuni moja. Mpigaji wao akiwa amebanwa au amewapa mgongo, pandeni. Akiwa huru, kichwa juu, mpira mguuni, shukeni hatua chache kabla hajapiga. Ukimsubiri apige ndipo ushuke, umechelewa. Na mkipanda, pandeni wote. Beki mmoja anayebaki nyuma kwa woga ndiye anayemhalalisha straika wao.

Mazoezi ya ziada, nusu saa baada ya mazoezi ya timu, mara tatu kwa wiki. Kwanza miguu: rudi kinyumenyume mita 5, geuka, kimbia mita 15; mara sita kwa bega la kulia, mara sita kwa kushoto, pumzika sekunde 40 kila mara. Upande unaokushinda ndio utakaotafutwa na wapinzani, uongezee mara mbili. Misuli ya nyuma ya paja na kinena itauma, kwa kuwa mastraika wengi hukimbia kwenda mbele tu, hawajazoea kugeuka wakiwa kasi; pasheni misuli vizuri na msiruke hatua. Kisha mmoja kwa mmoja, ndani ya njia ya upana wa mita 10 na urefu wa mita 15. Ushindi wako siku za mwanzo usiwe kunyang'anya mpira. Uwe kumchelewesha mwenzako kwa sekunde nne bila kulala chini. Vichwa fanyeni siku mbili tu kwa wiki, mipira 10 ya kurushwa kwa mkono, si ya kupigwa kutoka mbali. Mtoto mdogo asifanyishwe hilo kabisa.

Zungumzeni na mwalimu kwa heshima, lakini zungumzeni. Muulize ni kwa muda gani anataka kukujaribu, utapangwa na nani katikati, na kama kila wiki utakuwa nyuma au utarushwa mbele timu ikizidiwa. Hili la mwisho ni zito. Anayerushwa huku na huku hajifunzi nafasi yoyote, na msimu ukiisha hana sifa ya ubeki wala mabao. Omba angalau mechi nane mfululizo sehemu moja. Mwalimu mwenye nia njema hatakunyima jibu.

Na kama mechi ya kwanza ni Jumamosi hii: mguso wako wa kwanza uwe pasi fupi kwa beki wa pembeni aliye karibu. Kichwa cha kwanza piga nje hata kama wapinzani watapata mpira wa kurusha. Kwenye kona yenu usipande mpaka umeona nani anabaki nyuma. Wakiwa pungufu ya wawili, baki wewe, hata kama unaona krosi imekujia wazi kabisa pale ulipozoea kufunga.

Mzee wenu