Barua ya wazi kwa kaka yangu aliyepanga foleni London

Kaka, shikamoo.

Picha zako nimeziona zote kwenye grupu la ukoo. Wewe na wifi mmevaa makoti ya mvua, mmepanga foleni nje ya jengo la Lloyd's, lile la Richard Rogers la mwaka 1986, ambalo mabomba, ngazi na lifti zake zimewekwa nje. Ukatueleza kwamba kila Septemba, tangu 1992, London inafungua milango ya majengo ambayo siku nyingine mtu wa kawaida huishia kuyatazama kwa nje, na hakuna kiingilio. Wanao wameingia, wameshangaa, wamejifunza. Nilifurahi kweli. Kisha ukamalizia: “Wenzetu wanajua kutunza.”

Maneno hayo sijaweza kuyameza. Niliandika jibu kwenye grupu nikalifuta, maana wakubwa wamo mle. Nakujibu hapa.

Siku ya arobaini ya Bibi, baada ya kisomo, kikao cha mirathi kilikaa uani. Wewe hukuweza kuja, na hilo sikulaumu, nauli naijua. Simu ya baba mdogo ilikuwa juu ya kinu kilichopinduliwa, imewekwa spika. Sufuria za pilau zilikuwa bado hazijasuguliwa. Sauti yako ikaja: “Jamani, ile nyumba ni udongo na miti tu. Chenye thamani pale ni kiwanja.” Ukasema unaingia kazini, ukakata.

Shangazi alikuwa ameegemea ukuta wa jiko. Ukuta ule aliukandika kwa mikono yake akiwa msichana, na kila Ramadhani ilipokaribia aliupaka chokaa. Uliposema vile aliutoa mgongo wake ukutani, taratibu, akakaa wima mpaka kikao kikaisha. Hukumwona. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake.

Ndiyo, ilikuwa udongo na miti. Nguzo za mikoko, udongo uliokandikwa, lipu ya saruji juu yake, bati. Vyumba sita, vitatu kulia vitatu kushoto, korido katikati kutoka mlango wa mbele moja kwa moja hadi uani, ili upepo upite. Baraza mbele kwa wageni na wauza kahawa, uani nyuma kwa wanawake, kisima na mpapai. Aliyeipanga nyumba ile alijua joto la Dar, alijua heshima, alijua pia kwamba mjane ataishi kwa kodi ya vyumba viwili vya mbele. Ndizo kodi zilizokulipia ada ya sekondari, Kaka. Kama huo si usanifu, niambie usanifu ni nini.

Na usiniambie wewe hujali majengo, kwa sababu najua unajali. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021 ulinipigia usiku unalia. Tulikumbushana Bibi alivyokuwa akitutuma nazi Shimoni, kwenye soko la chini ya ardhi, na jinsi mvua ikinyesha tulivyokuwa tunasimama chini ya ile miavuli mikubwa ya zege kusikiliza maji. Ulikuwa hujui kwamba miavuli ile ilichorwa hivyo makusudi, ikinge maji ya mvua na kuyashusha kwenye matangi ya chini. Nilipokwambia kwamba aliyelichora ni Mtanzania, Beda Amuli, na lilifunguliwa 1975, ulinyamaza kidogo, ukasema, “Kumbe ni sisi.” Usiku ule nilikupenda sana.

Sasa yule aliyesema “kumbe ni sisi” na huyu wa “wenzetu wanajua kutunza” nashindwa kuwapatanisha.

Ukija Desemba, usiende moja kwa moja ufukweni na wanao. Nipe Jumamosi moja. Tutaanzia Boma la Kale, pale mkabala na boti za Zanzibar, alipojenga Sultan Majid mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wake. Waguse ukuta wa matumbawe, wauone mlango wa kuchongwa. Makanisa ya Azania Front na Mtakatifu Joseph tutayapita tu, hayo unayajua. Mtaa wa India tutatembea tukitazama juu, kwenye balkoni na miaka iliyoandikwa kileleni mwa nyumba, zile zilizobaki, maana kila nikipita naona nyingine imezungushiwa mabati ya ujenzi. Mchana twende Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wauone Ukumbi wa Nkrumah ambao wewe na mimi tuliwahi kuubeba mfukoni kwenye noti ya mia tano bila kuuangalia.

Halafu Magomeni. Pale nataka tukae sana. Nyumba ya Mwalimu Nyerere ya miaka ya hamsini si kasri, ni nyumba ya chini ya kawaida kama za majirani zake, na leo ni makumbusho, watu wanaingia chumba kwa chumba. Iliwekwa kwa sababu kuna watu walisema iwekwe. Kwetu nilisema mimi peke yangu.

Nilisema, na ukoo mzima unajua, ingawa siku hizi inasimuliwa kwamba nilitaka kukaa bure. Nani alibadilisha bati la upande wa choo? Nani alilala na Bibi miezi yote ile asiyoweza kugeuka kitandani? Nilipendekeza tupangishe mbele, tugawane kodi, nyumba isimame. Hati yako ya uwakili ikafika na saini, kikao kikafungwa, nyumba ikauzwa. Mgawo wangu niliupokea, ndiyo. Ungetaka nimwachie nani? Mwanangu anasoma kwa fedha ile na silali vibaya kwa ajili yake. Leo pale kuna ghorofa, chini fremu za mabegi ya jumla. Wenye maduka ni watu wema, huniita dada. Lakini sipiti mtaa ule kama nina njia nyingine.

Kitu kimoja sijamwambia mtu kwenye grupu. Siku ya kubomoa nilikwenda alfajiri nikaununua mlango wa mbele kutoka kwa vijana waliopewa kazi, kabla haujauzwa kuni. Upo Mbagala kwa shangazi, umefunikwa turubai. Fremu ya chini imeliwa na mchwa, komeo ni zima, na ile alama uliyochora kwa msumari siku ulipofaulu darasa la saba inasomeka. Seremala ameuona, anasema mbao za mninga zikipatikana ni kazi ya wiki moja, na shangazi amekubali utumike nyumbani kwake.

Nusu ya gharama ni yako. Seremala anataka malipo ya awali mwisho wa mwezi, na namba yangu ya simu ni ile ile.

Msalimie wifi. Wanao wabusu.

Dada yako.