Mwanangu, uliza kwanza ni nani

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Tu wazima wote, isipokuwa goti la mamako, ambalo linatabiri mvua kuliko redio. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Zamani nikisema neno moja wewe ulikuwa na matatu. Tangu uwe diwani umeongeza la nne.

Ile habari ya Jumapili nimeilalia na kuiamkia. Ulisema hutetei tena kiti chako cha baraza la mji, unakwenda kutafuta cha Bunge la jimbo lenu la Minnesota huko Marekani, kule St. Paul. Nilinyamaza, ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Nilikuwa namtazama mwanao. Kengele ililia nyuma yako, mtoto akatoka mbio akafungua mlango, wala hakuuliza ni nani. Alikuwa mtu wa kuleta mzigo, sawa. Lakini wewe hata shingo hukugeuza. Uliendelea kunihesabia kura za wajumbe.

Hilo ndilo ninalokuandikia. Mengine ni maneno ya mzee, utachukua utakayo.

Tarehe 14 Juni 2025 Melissa Hortman, mbunge wa jimbo lenu, aliuawa nyumbani kwake Brooklyn Park pamoja na mumewe. Wewe unakaa karibu, ulikwenda kuweka maua, sina la kukueleza. Ila niliyoyasoma hayanitoki. Muuaji alijifanya polisi. Kabla ya hapo alikwenda Champlin kwa John Hoffman, seneta wa jimbo hilo hilo, akampiga risasi yeye na mkewe, Mungu akawanusuru. Hawakuwa jukwaani hao, wala kwenye msafara. Ilikuwa usiku, watu wako majumbani mwao, mtu akabisha mlango.

Na sisi huku mwezi Aprili, tarehe 30, mbunge wa Kasipul alipigwa risasi ndani ya gari lake, Barabara ya Ngong, Nairobi, na watu waliokuja kwa pikipiki. Siku ile ulinipigia ukasema, "Baba, Kenya hiyo." Ilipofika Juni sikukurudishia neno lako. Nakurudishia leo.

Unanitolea mfano wa Xp Lee. Alikuwa kwenye baraza la mji wa Brooklyn Park, na tarehe 16 Septemba akashinda uchaguzi mdogo wa kiti cha marehemu Hortman. "Tazama, Baba, diwani mwenzangu amepanda." Nimetazama. Wewe umeona ngazi, mimi naona kiti, na sababu ya kiti hicho kuwa wazi. Hata Hoffman mwenyewe alianzia chini, kwenye bodi ya shule za Anoka-Hennepin. Udiwani na bodi za shule ndizo shule zenu za siasa huko, nimeelewa. Lakini diwani wa mji mdogo nani anamjua? Anayemjua ni yule ambaye theluji haijaondolewa mbele ya nyumba yake.

Sikatai sababu zako. Nami nimeukalia udiwani, najua baraza linavyosikia vilio vyote na kushika mfuko usio na kitu. Sisi tulingoja fungu kutoka Nairobi na idhini ya waziri hata kwa gari la taka, hadi mabaraza yalipofutwa baada ya uchaguzi wa Machi 2013, nikarudi nyumbani na faili zangu. Uliponieleza kwamba miji ya Minnesota nayo hupokea ruzuku ya jimbo, mpango wa tangu 1971, na kwamba hesabu yake inapigwa St. Paul na wala si kwenu, nilicheka peke yangu kitandani. Kumbe nimezaa mtu wa kungoja fungu! Kwa hiyo unaposema umechoka kujadili chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani saa tatu nzima ilhali fedha zinaamuliwa kwingine, nakuelewa kuliko unavyodhani. Nimewaambia hata wazee wa barazani kahawa. Mmoja aliuliza kama utakuwa na bendera kwenye gari. Nikamwambia huko wabunge wanajiendesha wenyewe. Hakuamini, akaagiza kahawa nyingine kwa hesabu yangu.

Lakini mama, kuna kitu unakipita mbio. Udiwani wenu hauna chama kwenye karatasi ya kura. Watu walikuchagua kama muuguzi wao, yule anayewageuza wazee wao usiku. Bungeni utaingia na chama, na anayekusalimia leo dukani atajua uko upande gani. Na pande hizo sasa zinahesabiana kichwa kwa kichwa. Uliniambia mwenyewe kwamba mwaka 2023 chakula cha bure shuleni kwa watoto wote, na leseni za udereva kwa wasio na makaratasi, vilipita wakati Seneti ilikuwa 34 kwa 33. Kisha uchaguzi wa 2024 ukaleta 67 kwa 67 kwenye Bunge la wawakilishi la watu 134. Ulilieleza hilo kwa furaha, kwamba kiti kimoja sasa kina uzito. Ndiyo. Kiti kikiwa na uzito hivyo, hata mwenye wazimu anakihesabu.

Mamako yuko upande wako, ulijue hilo. Yeye hoja yake ni moja: Ilhan Omar. Unajua mamako aliuza nazi pale kambi ya wakimbizi ya Utange, na huyo binti aliishi kambi hiyo miaka minne kabla ya kwenda Marekani. Huko Minneapolis alikuwa msaidizi wa diwani. Mwaka 2016 akamwangusha Phyllis Kahn aliyekaa bungeni miaka 44. Miaka miwili baadaye akachaguliwa kwenda Washington. Mamako huisimulia hiyo kana kwamba alimnyonyesha yeye. Mimi namuuliza, je, analala na walinzi wangapi? Hapo hunijibu, hukoroga uji.

Sasa sikiliza. Fomu ya kugombea itakutaka uandike unapokaa. Uliza, kabla hujatia wino, kama anwani hiyo inaweza kufichwa na mahali pake ikaandikwa ya ofisi au sanduku la posta. Usione haya kuuliza. Kuhama ovyo huwezi, maana sheria yenu inataka mgombea awe amekaa eneo lake la uchaguzi miezi sita kabla ya siku ya kura, na mwaka 2024 kuna aliyeshinda akaja kukosa kiti kwa sababu mahakama ilisema hakuwa mkazi. Basi nyumba ni hiyo hiyo. Ndiyo maana nasema mlango.

Mabango ya kampeni yawekwe kwa wengine, kwako hapana. Picha za watoto uzitoe mtandaoni, hasa ile ya kwenye ngazi ya mbele yenye namba ya nyumba. Nimeikuza kwa simu yangu nikaisoma, na macho yangu unayajua. Na akija mtu na nguo za polisi usiku, upige simu kituoni kwanza, umwache asimame nje. Akikasirika, na akasirike. Hortman aligombea mara mbili akashindwa, akashinda ya tatu, 2004, akafika hadi uspika. Mwanamke wa subira namna hiyo, na bado ulikuwa mlango tu.

Najua utasema nani aliyekufunza kufungua. Ni sisi. Hapa kwetu mtu akibisha hodi unajibu karibu, kisha ndiyo unaangalia sura. Mtoto anayeuliza "nani?" kabla ya "karibu" alikuwa akichapwa kwa kukosa adabu. Wewe hukuchapwa, ulikuwa hodari wa kukaribisha. Usiku ule sitausimulia. Ulikuwa na miaka tisa na unaukumbuka kunishinda. Neno langu ni hili tu, kwamba aliyefungua sikuwa mimi. Nimekaa na hilo miaka yote, na Jumapili nilipomwona mtoto wako anakimbia kuelekea mlangoni, nililiona tena, kwa miguu yake.

Haya, ya nyumbani. Mabati ya upande wa jikoni yamekwisha kubadilishwa, pesa ulizotuma zilitosha na zikabaki za misumari. Maji bado yanatoka siku mbili kwa wiki, na bili inakuja kana kwamba yanatoka saba. Dawa zangu za presha nakunywa, usimsikilize mamako. Mwembe umezaa sana mwaka huu lakini popo wamefika kabla yetu.

Mjombako anakusalimu. Amekarabati kile kibanda chake cha sokoni, ameweka vioo na taa za rangi, anauza simu na vocha, biashara inakwenda. Kila nikipita naangalia ile namba 17 juu ya mlango. Mwandiko ni wangu. Mwenyewe hasa alikuwa yule mama wa samaki aliyekuwa akikupa vibua vya kukaanga ukitoka chuoni. Orodha ya vibanda nililala nayo usiku mmoja, asubuhi jina lilikuwa limebadilika. Alikuwa na wana watatu, vijana wa nguvu. Niliwaambia nyinyi kwamba waliokuja usiku ule walikuwa watu wa siasa. Mamako ameanza kununua samaki kwa huyo mama tena, sijui walipatana vipi, nami sijauliza. Sasa anauzia chini, kwenye karai.

Kwa hiyo ukifika St. Paul, na wakikuletea orodha yoyote ya kugawa chochote, usiende nayo nyumbani. Iache ofisini. Hilo nalo ni la mlango.

Nimemwita fundi ameweka komeo jipya hapa kwetu, la chuma, na tundu la kuchungulia. Mamako anacheka, anauliza mzee asiye na cheo anamchungulia nani. Amekuwekea kilo mbili za korosho; binti wa jirani anasafiri Desemba, atakuletea, na yeye umfungulie, ila piga simu kwanza.

Kuhusu kugombea, umeshaamua, nimeisikia sauti yako. Nimemtumia mamako elfu mbili ya kitenge, anasema lazima awe na kipya cha siku ya kiapo. Mimi sijasema ndiyo.

Jumapili nikipiga simu nataka mjukuu wangu ndiye apokee. Nitambishia hodi. Asijibu karibu mpaka aulize ni nani, na mimi nikisema "polisi", akate.

Babako