Mdogo wangu, andika sentensi nzima

Mdogo wangu,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Nasikia umepata kazi ya mapokezi hotelini huko Nungwi, na usiku unakesha na daftari: go, went, gone. Hayo kariri tu, hayana ujanja. Vitenzi vinavyotumika mno kila siku ndivyo hasa vilivyogoma kufuata kanuni. Ila kuandika Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, neno kwa neno, kutakuponza.

Chukua “have”. Umeandika “kuwa na”, sawa. Sasa mgeni anakaa mezani anasema “I’ll have the fish.” Hatangazi mali, anaagiza samaki. Na meneja akikwambia “look into it” kuhusu maji ya moto yasiyotoka, usiende kuchungulia bomba, anataka ufuatilie. “Look after” ni kutunza, “look for” ni kutafuta. Usiwacheke Waingereza, nasi tuna mambo hayohayo, ila sisi tunayashonea mkiani mwa kitenzi: kimbia, kimbilia, kimbiza.

Utaona pia vitenzi pacha. Wanormani waliiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, ndiyo maana leo “enter” inaishi na “come in”, “continue” na “go on”. Vile vya Kifaransa viachie fomu na mabango. Mtu akibisha hodi ukamjibu “enter”, utasikika kama askari magereza.

Panapotuangusha hasa Waswahili ni kwenye “-me-”. Tunasema “amelala”, maana yake yuko usingizini sasa hivi. Mwambie anayepiga simu “he has slept” uone: atajua mtu kashaamka, atataka kuongea naye. Sema “he’s asleep”. Amevaa kofia, “he’s wearing a hat”. Anavaa kofia, yaani ndiyo anaiweka kichwani, “he’s putting on a hat”. Amesimama, ameketi, amechoka, zote ni njia hiyohiyo: kwetu jambo limeshatokea, kwao ni hali iliyopo. Mimi ningekuwa mwalimu, hili ningelifundisha wiki ya kwanza, kabla hata ya rangi na siku za wiki.

Kuazima nako kuna mtego. “Niazime kalamu” na “nimeazima kalamu” kwetu ni kitenzi kimoja. Wao wanagawa: anayetoa “lends”, anayechukua “borrows”. “Borrow me your pen” utaisikia sana mjini, hata kwa watu wenye tai. Wewe sema “lend me”.

Ukiingia zamu, mgeni akitamka kitu usichokijua, andika sentensi yote kama alivyoitoa, pamoja na alichokuwa anakitaka. Nitumie WhatsApp, tutaichambua jioni.

Na mama anauliza kama wafanyakazi mnapewa chakula cha mchana au ujibebee. Mjibu, ananisumbua mimi.