Risala ya Kikundi cha Kitalu cha Miche ya Tishu, Igombe, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, wazee wetu, wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu, nawe kwa kuacha majukumu mengi ukaja kwetu. Karibu sana Igombe.

Tulianza akina mama 9 na tuta la mchicha. Leo tuko 31 na, tunasema kwa fahari, ndio tegemeo la migomba safi katika mwambao huu wote. Miche 212 imetoka mikononi mwetu, na shule mbili zimepanda.

Tangu mnyauko bakteria, ugonjwa wa migomba, uthibitishwe mkoani Kagera mwaka 2006, kuchimba chipukizi kwa jirani ni kubahatisha, maana linaweza kuja na ugonjwa ndani. La maabara, linalokuzwa ndani ya chupa kutoka kipande kidogo (tishu) cha mgomba uliopimwa, linatoka likiwa safi. Sisi tunanunua machipukizi hayo ya chupani kabla hayajaota mizizi, bei ikiwa nafuu, tunachovya kitako kwenye poda ya homoni na kuyapandikiza kwenye mchanga uliochanganywa na pumba za mpunga zilizochomwa.

Hapo ndipo tunapokwama, Mheshimiwa. Chipukizi la chupani limezoea hewa yenye unyevu. Jani lake lina nta kidogo mno na vitundu vyake havijui kujifunga. Likitoka nje linapoteza maji, na mizizi ya kunywea halina. Kwa wiki mbili tatu linataka kivuli na ukungu wa maji. Sisi tunafunika trei kwa nailoni na vyandarua chakavu, upepo wa ziwa unavifunua. Septemba iliyopita tulipandikiza 400 asubuhi. Saa nane mchana majani yalikuwa yamelala kama mchicha uliomwagiwa maji ya moto. Yaliyoota mizizi ni 63. Na ziwa lile pale, hatua 90, maji tunabeba kwa ndoo.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Mwaka juzi mgeni rasmi aliyesimama hapo ulipo alituahidi kitalu nyumba na pampu. Tulipiga vigelegele, kesho yake tukachimbia nguzo. Mwaka jana tukaambiwa lipo kwenye bajeti. Nguzo ziko nyuma ya hema hili, mbili zimeliwa na mchwa. Hatumlaumu mtu, ila akina mama wanatuuliza sisi viongozi, na jibu hatuna.

Tunaomba kwa heshima kubwa kitalu nyumba cha mita 8 kwa 15 chenye wavu wa kivuli, pampu ya sola, tangi la lita 5,000 na vinyunyizio vya ukungu. Makisio ya fundi ni shilingi 9,600,000. Sisi tumechanga 1,150,000, zipo benki. Chupa zijazo zinafika Agosti, ili miche iwahi mvua za vuli. Kwa hiyo, Mheshimiwa, pamoja na ahadi tunakuomba ututajie tarehe, na kabla ya chakula upite uzione nguzo.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa Kikundi